Barua ya wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii: tunaomba watoto wetu

Ndugu Afisa,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima na kazi ni nyingi, maana simu zangu siku hizi hazipokelewi.

Mimi ni mkulima wa korosho hapa mkoani Mtwara, mjomba wa wale watoto wawili uliowapeleka kwenye kituo cha kulelea watoto dada yangu alipofariki. Matanga hayajaanuliwa, ukaja na gari, ukatuambia mbele ya mwenyekiti wa kijiji: "Ni kwa muda tu, mpaka korosho ziuzwe mjipange." Korosho ziliuzwa. Mikorosho imechanua, tumevuna na kuuza tena. Watoto wako kule kule.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na ming'oko, ile mizizi ya porini, aliyoichemsha bibi yao. Mlinzi akaizuia getini, chakula cha nje hakiruhusiwi. Sawa, ni utaratibu. Ndani kulikuwa na wageni wenye kamera, watoto wamepangwa mistari wanaimba. Wimbo ulipokwisha, mpwa wangu wa kiume akapita akimpa mkono kila mtu mzima. Alipofika kwangu akasema, "Shikamoo mgeni, asante kwa kututembelea." Akaenda kwa mwingine. Mimi, mjomba mtu!

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Akiugua, akikosea, akitaka kuoa, anayeulizwa ni mjomba. Au fomu yenu haina mstari wa mjomba? Mama kafariki, baba hajulikani aliko, basi, andika yatima.

Sisemi wanateswa. Wanakula mara tatu, wanalala kwenye chandarua, na kwa bibi yao hayo yote hayapo. Ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, unaijua mwenyewe ilivyo ndogo. Lakini waliporuhusiwa kuja siku chache Desemba, yule mdogo alikuwa ananyoosha mkono kuomba maji ya kunywa. Chakula kimepakuliwa, yeye kasimama anasubiri kengele. Kituoni mtoto mwema ni yule asiyetoka kwenye mstari. Kwetu mtoto ni wa kutumwa: nenda kwa bibi fulani kaazime kinu, na huko atapewa muhogo, atakaripiwa kama hakuamkia, atajua yule ni nani wake. Wapwa zangu hawajui kutumwa. Wanajua kumshukuru mfadhili kwa Kiingereza.

Wenzake mpwa wangu wa kiume walipelekwa likumbi, kambi ya jando, wakafundwa, wakarudi na majina mapya. Yeye alitahiriwa hospitali, na hilo silipingi hata kidogo, ni salama zaidi. Ila nani alimkalisha chini siku ile akamwambia kwamba kuanzia leo chumba cha wakubwa huingii bila hodi?

Nahisi mnaogopa unyago kwa ajili ya dada yake. Kama ni mimba na ndoa za utotoni, leta karatasi nisaini, binti huyu atasoma. Wengine hapa wanasema kituo kinataka idadi ya watoto ili misaada ije. Ushahidi sina, ila ukinyamaza watu watasema.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, uliyotusomea wewe mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, inatanguliza maslahi ya mtoto. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala, nayo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa watu wake. Sisi tuna kosa gani jingine zaidi ya umaskini? Fedha za kuwatunza kule, hata nusu yake tu ingefika kwa bibi yao, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Uliahidi kuja kukagua nyumba. Chumba chao nimekiezeka bati, choo nimechimba, barua ya mtendaji ninayo. Njoo. Kama gari halina mafuta sema tu, nitakutumia bodaboda. Mwalimu mkuu wa hapa kijijini amekubali kuwapokea, kwa hiyo njoo kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa saba. Sihitaji semina wala posho ya kikao. Njoo ukague nyumba, utupe watoto wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjomba wao