Ramadhani, usimruhusu fundi afungue pampu

Tabora, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ramadhani,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama amepona kifua na watoto wamerudi shule. Natumaini shemeji na wanangu hawajambo, na bibi wa Ujiji anaendelea na dawa zake. Mengine nitakuuliza mbele, maana Baba Zena anapanda treni kesho na nataka barua hii ikufikie kabla ya Ijumaa.

Ameniambia pikapu yako inakula dizeli kupita kiasi, ukipanda Kasulu na mzigo inatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma wanapiga honi, na kwamba Ijumaa unaipeleka kwa fundi akaifungue zaidi pampu ya dizeli, yaani imwage dizeli nyingi zaidi, ili ipate nguvu. Nakuomba sana, usifanye hivyo. Tangu aniambie sina raha.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, ikaishia kuwa masizi. Umeilipia kituoni, halafu inatokea kwenye ekzosi bila kukusogeza popote. Fundi akiongeza dizeli, kitakachoongezeka zaidi ni moshi na joto, na hilo joto ndilo litakalokuulia injini.

Fikiria injini yenyewe ilivyo. Hiyo 1HZ yako ni lita 4.2, silinda sita, na Toyota waliitoa kiwandani bila tabo, yaani bila feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Mgandamizo wake ni mkubwa, 22.4 kwa 1, na dizeli huanza kuwaka kwenye vyumba vidogo vilivyomo ndani ya silinda hedi. Ikiachwa na hewa yake ya kawaida inadumu miaka mingi, ndiyo maana mashirika mengi ya huko kwenye kambi za wakimbizi, Kasulu na Kibondo, yalikuwa yanaikimbilia. Hiyo tabo ilifungwa baadaye na jamaa wa safari aliyekuuzia, kisha skrubu ya pampu ikakazwa ndani ili dizeli iwe nyingi. Sasa pampu ya asili ya 1HZ haina namna ya kujua kama tabo imeanza kusukuma hewa au bado. Unapokanyaga mafuta mlimani mzunguko ukiwa chini, tabo haijaamka, lakini dizeli imeshamwagwa yote. Hapo ndipo moshi wako unapotoka.

Injini zilizozaliwa na tabo huwa na kifaa juu ya pampu, mfano wa kikopo chenye mpira ndani, kinachounganishwa kwa kibomba na upepo wa tabo. Upepo ukipanda, ndipo kinaruhusu dizeli iongezeke. Muulize fundi pampu (fundi pampu kweli, mwenye mashine ya kupimia, si fundi wa kila kitu) kama yako imewekewa. Kama haina, afadhali itafutiwe, au skrubu irudishwe nje kidogo kidogo mpaka moshi uonekane kwa shida ukiwa na mzigo. Utapoteza nguvu kidogo. Ipoteze. Na akiwa hapo azipime nozeli zote sita, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu inaleta moshi uleule, na watu huishia kulaumu pampu.

Baba Zena anakuletea kiboksi. Ndani kuna geji ya joto la ekzosi na waya wake. Usiiweke kabatini, tafadhali. Sensa yake ifungwe kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), kabla ya tabo, kwa sababu baada ya tabo joto linakuwa limeshashuka na utasoma namba ya kukufariji bure. Mimi nikiwa na mzigo, sindano ikifika nyuzi 650 napunguza mguu na kushusha gia. Aluminiamu huyeyuka karibu nyuzi 660. Pistoni yenyewe haifikii joto la moshi, inapozwa na oili na hewa mpya, lakini ukiipandisha mlima mrefu kwenye nyuzi 750 na zaidi, ipo siku itashindwa, na hedi itaanza kupasuka nyufa pale kwenye vile vyumba vidogo. Ukifika, usizime papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika moja au mbili, oili iendelee kuipoza tabo.

Halafu kuna hesabu yako ya kilomita sita kwa lita. Hiyo namba umeitoa kwenye dashibodi, na dashibodi inahesabu kwa tairi za kiwandani, 7.50R16, zenye kimo cha kama sentimita 81. Wewe unatembelea 315/75R16, sentimita 88. Kila kilomita 100 unazosoma, gari limekwenda karibu 108. Kwa hiyo ulaji wako si mbaya kama unavyodhani, ni kama kilomita sita na nusu kwa lita. Lakini tairi hizo zinakuumiza kwa njia nyingine. Zimerefusha gia zote, kwa hiyo gia ya tano inaikokota injini chini ya mzunguko wa 2,200, na 1HZ huvuta vizuri zaidi ikiwa kwenye huo 2,200. Unakanyaga zaidi, tabo iko usingizini, dizeli inamwagika, joto linapanda. Unaona jinsi yote yanavyorudi kwenye pampu? Mimi ningeziuza. Zile nyembamba za 7.50 zinavumilia mizigo, zinapatikana hata madukani Kasulu, na mchangani ukizipunguza upepo zinapita vizuri tu.

Na keria ya juu je? Lile hema la juu hulilalii wewe, wala wateja wako wa dagaa hawalilalii. Winchi, ngao ya chuma, mataa manne juu, vyote hivyo unavibeba kila siku kwenda Ilagala kuchukua mawese. Upepo nao haukuachi: ukitoka mwendo wa 80 kwenda 100, nguvu ya gari kusukumana na hewa inaongezeka kwa zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Toa keria, kaa kwenye 80, uone tofauti mwenyewe kabla hujalipa fundi hata shilingi. Mzigo pia upimwe kwa kilo, usipime kwa macho. Huku kwetu watu wanahesabu ndoo ya lita 20 ya asali kuwa ni kilo 20, kumbe ina 28 hivi, na springi zinavunjika Ipole wanashangaa. Mawese angalau ni mepesi kuliko maji.

Angalia kama themostati ipo, ile valvu inayotunza joto la maji ya injini. Nasema hivyo kwa sababu mafundi wengi wanaitoa, wanasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Hilo linanikera sana. Injini isiyofikia joto lake, karibu nyuzi 80, inaunguza dizeli vibaya na ringi zinalika haraka. Na kwenye rejeta weka kulanti (dawa ya kupozea injini), maji ya kisima yanaleta kutu.

Mkonga nao, lile bomba la nje la kuvutia hewa, pitisha mkono kwenye viungio vyake vyote. Fungua bomba upande wa ndani wa filta ya hewa, lipanguse kwa kidole. Ukitoka na vumbi jekundu, basi barabara ya Uvinza inaingia moja kwa moja kwenye silinda zako, na vumbi hilo linatafuna pia mabawa ya tabo. Usipulize filta kwa kompresa kwa nguvu, karatasi inatoboka kwa vitundu usivyoviona.

Dizeli ya madumu vijijini uiogope. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Ikichanganywa mafuta ya taa inakauka na kusagika, na maji yakiingia ni mbaya zaidi. Mwaga maji chini ya filta mara kwa mara, usingoje taa iwake.

Mkanda wa taimingi: Toyota wanasema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Wewe hujui umebadilishwa lini, tena kilomita zako zenyewe ni za uongo kwa ajili ya tairi. Badilisha sasa. Ukikatika njiani valvu zinagonga pistoni, na hapo tutakuwa tunazungumzia injini nyingine kabisa. Oili mimi namwaga kila kilomita 5,000 kwa kuwa ya tabo inapikwa zaidi.

Lakini nakurudisha palepale: pampu isifunguliwe. Hayo mengine unaweza kuyafanya polepole kadiri pesa za dagaa zinavyoingia. Hili moja likifanyika Ijumaa, huenda usifike mwisho wa mwaka na hiyo injini, na ninajua mkopo wa kikundi bado hujaumaliza.

Sasa nijibu, hata kwa ujumbe mfupi. Asubuhi ikiwaka moshi wake ni mweupe au wa bluu? Oili inapungua? Sindano ya joto la maji inakaa wapi ukipanda Kasulu? Tabo ina intakula ya kuipoza hewa, au hewa inaingia moto moto? Baada ya safari, ukishika magurudumu, kuna moja linalochoma kuliko mengine? Likiwepo, breki imeng'ang'ania, na hiyo nayo ni dizeli inayopotea. Jamaa alikuachia kitabu chochote cha matengenezo? Na unaweza kuja Tabora kabla mvua hazijakolea, tukae siku mbili na fundi wangu wa pampu? Chumba kipo. Shemeji atakuruhusu?

Ukimrudisha Baba Zena, asije mikono mitupu, mama anaulizia migebuka.

Nduguyo,
Idrisa