Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: shilingi za dhahabu zinavutwaje?

Ndugu Gavana Emmanuel Tutuba,

Salaam. Benki Kuu kununua dhahabu yetu kwa shilingi, ili kuongeza akiba ya fedha za kigeni, ni uamuzi ninaouunga mkono. Aliyeagiza mzigo nje mwaka 2024, dola zikiwa adimu, hahitaji kufundishwa maana ya akiba ya fedha za kigeni. Na tangu Oktoba 2024, wenye leseni walipotakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa hapa nchini, mzigo unaingia.

Swali langu ni hizo shilingi. Benki ya biashara hununua kwa fedha iliyonayo. Benki Kuu inaponunua, shilingi zinazaliwa papo hapo. Dhahabu ya mchimbaji wa Geita inapimwa uzito na ubora, na mwisho wa safari yake, ikishafika kwenu, benki ya aliyewauzia inaongezewa salio kwenye vitabu vyenu. Mchimbaji naye keshalipa vibarua wa duara (shimo la kuchimbia), kanunua dizeli na vipuri vya karasha (mashine ya kusaga mawe). Zimeshaingia mtaani.

Sasa, tangu Januari 2024 mmeacha kulenga wingi wa fedha. Mnalenga riba ya mabenki kukopeshana kwa siku saba, isitoke nje ya pointi mbili juu au chini ya Riba ya Benki Kuu, ile mnayoitangaza ninyi. Mlianza na asilimia 5.5, Aprili mkapanda hadi 6, Julai 2025 mkashuka hadi 5.75. Mabenki yakifurika shilingi, riba hiyo itaporomoka, nanyi mtalazimika kuzivuta, yaani kuziondoa kwenye mzunguko: kwa repo (kuyauzia hati za deni kwa ahadi ya kuzinunua tena baada ya muda mfupi), kwa dhamana (hati za deni zenyewe), au kwa kuyauzia dola. Mkizivuta kwa kukopa, mnalipa riba, ilhali dhahabu iliyolala ghalani haizai hata senti. (Bei ikipanda sote tunashangilia, najua. Ikishuka je?)

Sisemi msinunue. Ninaomba taarifa ya Kamati ya Sera ya Fedha, ile ya kila robo mwaka, iweke pamoja mambo manne: shilingi zilizotoka kununua dhahabu, zilizovutwa, zilivutwa kwa njia ipi, na kwa gharama gani. Kwa Kiswahili, siku ileile riba inapotangazwa. Mkianza na taarifa ijayo, nitashukuru. Mkisema haiwezekani, tuelezeni kwa nini.

Wako,
Mfuatiliaji wa uchumi, Mwanza