Mutua, huyo mtoto wa mbwa mwache kwanza

Kitisuru, Nairobi
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mutua,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta kitaluni juzi, mikono imejaa samadi, nikausikiliza mara mbili nikidhani masikio yananidanganya. Ati bosi wako amekuahidi mtoto wa mbwa wa aina ya huyu wangu, Risasi, na papo hapo unahamia mtaa wa Fedha, ghorofa ya tatu. Ukasema nikujibu kwa sauti. Sauti haitoshi, bwana. Nimeona nishike kalamu kama zile siku za bweni.

Jibu langu ni usimchukue, angalau kwa sasa. Najua utasema nakunyima kitu ambacho mwenyewe ninacho, kwa hiyo nisome hadi mwisho ndipo unikasirikie.

Mimi Risasi sikumtafuta. Yule mteja wangu Mjerumani aliyekuwa akinunua miparachichi, alipokuwa anaondoka nchini aliniomba nikae na mbwa wake wiki mbili mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Wiki mbili hizo sasa ziko mwaka wa tatu. Alikuwa na miezi minane, rangi ya maini yenye madoadoa meupe, masikio yamelegea kama majani ya mgomba uliokosa maji. Kwao wanamwita Kurzhaar, yaani nywele fupi. Hapa watu humwita pointa tu, kwa sababu akinusa ndege habweki wala hamrukii. Anasimama na kukuelekeza alipo.

Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani ameshikwa na kifafa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwarara watatu wameshuka kwenye nyasi za mwenye nyumba wanadona wadudu kama kawaida yao. Risasi alikuwa anazunguka kama tiara, mara akaganda. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka kama ufito, shingo mbele, udenda unadondoka kwenye ncha ya mdomo na yeye hata haulambi. Nikamwita, sikio halikutikisika. Dakika nzima ikapita, na ziada. Kisha kwarara mmoja akapiga ile kelele yao ya kuamsha mtaa, wakaruka wote, naye akashusha mguu polepole akageuka kunitazama. Mutua, nakuapia, macho yale yalikuwa yananiuliza: mbona hukupiga?

Basi hiyo ndiyo kazi yake. Wajerumani walimtengeneza karne ya 19 wakitaka mbwa mmoja wa kila kitu: atafute ndege, amwonyeshe mwindaji, ndege akianguka amfuate hata majini, amlete mkononi bila kumtafuna, na mnyama aliyejeruhiwa amfuatie damu mpaka ampate. Hiyo ni shughuli ya kutwa nzima. Sasa mtoe huko umlete Kenya, ambako uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, mimi na wewe hatujazaliwa. Mfungie baraza ya mita mbili huko Fedha, nawe utoke alfajiri urudi saa mbili usiku umetoka kupigana na foleni ya Outering. Atakuwa amekula sofa. Sisemi kwa mzaha, atakuwa ameila.

Nasikia unavyojibu. Babu yako kule Mwingi alikuwa na mbwa sita, wakila mabaki ya ugali na kulala majivuni, na hakuna aliyewahi kuwafunza chochote. Mbwa ni mbwa. Hadithi hiyo umenisimulia tangu kidato cha pili. Hebu ikumbuke vizuri. Si ulisema walikuwa wakitoka naye kabla jua halijachomoza, wakirudi jioni ndimi nje? Walilala majivuni kwa sababu walikuwa wamechoka, na walichoshwa na kazi waliyoielewa. Kufunzwa walifunzwa, ila mwalimu alikuwa mbwa mkubwa aliyetangulia, si babu.

Kosa langu kubwa ndilo sitaki ulirudie. Nilidhani dawa ya mbwa mwenye nguvu ni kuzimaliza hizo nguvu. Nikamlipa kijana mmoja wa boda anayependa mbio, kila alfajiri akimbie naye kilomita nane kabla hajaanza kubeba abiria. Wiki ya kwanza mbwa akalala mchana kutwa, nikajiona mjanja. Wiki ya tatu akawa anarudi, anakunywa maji, anasimama langoni kusubiri raundi ya pili. Mwezi wa tatu kijana akanirudishia kamba. "Mzee, mimi nimefika. Huyu anajiandaa kwenda Iten." Nilikuwa nimejitengenezea mwanariadha kwa pesa zangu mwenyewe! Mapafu yameongezeka, akili bado inatafuta shughuli, na shughuli akaipata: trei nne za miche ya kayaba, ile ya ua, zilizokuwa zimelipiwa, alizifukua moja baada ya nyingine akiwafuata fuko ambao nadhani hawakuwepo.

Halafu kuku. Kijana wa gesi aliacha lango wazi, dakika tano tu. Nilipotoka nilimkuta Risasi ameketi kando ya miche, mkia unafagia vumbi, na mbele yake kuku wanne wa kienyeji wa jirani wamelazwa sambamba kama samaki mezani sokoni. Wote wamekufa, na hakuna aliyeng'olewa manyoya. Alikuwa ananiletea! Nililipa shilingi 4,800 na kuomba radhi mbele ya mlinzi, mpishi na watoto wa shule waliosimama kutazama. Kumpiga sikumpiga, kwa sababu ningempiga kwa lipi? Alifanya alichozaliwa nacho, bila mtu wa kumwambia wapi na lini.

Aliyenisaidia ni mzee anayeniletea samadi kutoka Kajiado. Ujanani alikuwa akiwabebea ndege wawindaji wenye leseni, kwale na kanga, na mbwa hawa anawajua. Aliketi juu ya magunia yake, akamtazama Risasi kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akasema, "Miguu umeifunza. Pua hujaigusa."

Safari iliyofuata akaniletea bawa la kanga. Tulilifunga uzi, nikaliburuta kwenye nyasi hatua tano, nikalificha nyuma ya ndoo, ndipo tukamfungulia mbwa. Alilipata kabla sijakohoa. Siku ya pili hatua ishirini na kona moja. Siku hizi naliburuta kuzunguka kitalu chote, napita juu ya samadi, naacha nusu saa ipite harufu ipoe, ndipo namwambia "tafuta". Ukimwona hapo hutaamini ni mbwa yuleyule. Haruki, haparamii. Pua chini, mkia unacheza, anapoteza njia, anarudi nyuma, anafikiri. Unamwona kabisa anafikiri. Siku nyingine nachukua vyungu sitini vya miche nafukia omena kwenye kimoja. Dakika ishirini za kazi hiyo zinamlaza kuliko zile kilomita nane za alfajiri.

La pili alilonifunza mzee ni gunia. Gunia ndipo mahali pa Risasi. Nikisema "guniani" analala pale mpaka nimwachie. Nilianza kwa pumzi tatu na kipande cha ini. Ilichukua miezi, na mara nyingi nilitamani kuacha, lakini leo wateja huingia, wanauliza bei, wanabishana, wanaondoka, naye yuko guniani anatetemeka kwa hamu lakini hatoki. Watu husifia zile mbio zake. Mimi nikiulizwa najivunia gunia.

Sikudanganyi, kukimbia bado anahitaji, saa nzima kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Hakuna cha "leo nimechoka". Nampeleka nje kwa kamba ya mita kumi na kipenga. Jumamosi tunaingia msitu wa Karura kwa lango la Limuru Road, na humo kamba ni sheria. Hata isingekuwa sheria nisingemwachia. Kuna kima juu ya miti, kuna paa vichakani, na bega langu la kulia linajua siku paa alipokatiza njia mbele yetu. Nikipita mle huwa namshukuru Profesa Wangari Maathai kimoyomoyo. Bila yale mapambano yake ya mwaka 1999 ya kuutetea msitu huo ningekuwa navutwa na mbwa katikati ya majumba.

Mambo ya daktari ni machache ila usiyachezee. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kupe usiku usiku, kwa vidole, ndani ya masikio na katikati ya makucha; mwaka jana homa ya kupe ilimwangusha, ufizi ukawa mweupe na mkojo rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, na ningechelewa siku mbili ningemzika. Akishakula asikimbie, maana hawa wenye vifua virefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo una saa chache tu. Mifupa iliyopikwa usimpe. Na Julai kama hii anatetemeka kwelikweli, nywele zile si za baridi ya huku.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Mama alikuja kutoka Kisauni Ramadhani iliyopita. Unamjua mama. Hajavua hata buibui akauliza, "Huyo wa nini?" Nikajibu haraka kwamba ni mbwa wa kuwinda, maana nilijua sheria ya dini yetu imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Akamtazama juu na chini. "Anawinda nini hapa Kitisuru?" Nikakosa la kusema. Tukakubaliana: mbwa nje, banda lake kule mwisho, kanzu zangu za kuswalia zisianikwe upande ule. Siku ya tatu, saa ya futari, tunasikia kitu kinakwaruza mlango. Mke wangu akafungua. Risasi ameketi wima kama askari, mdomoni ana kandambili ya mama iliyokuwa imeachwa bombani. Ameishika kwa ulaini kana kwamba ni yai, haina hata alama ya jino, ila imelowa udenda chapachapa. Mama akaoshewa kandambili yake mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa, akisimamia mwenyewe na kuhesabu kwa sauti. Ya saba ilipokwisha akaitazama ile kandambili, akamtazama mbwa, akasema, "Basi ya pili nayo mpeni." Tangu siku hiyo akipiga simu huuliza watoto, kisha miche, kisha "yule mwindaji wenu".

Kwa hiyo usidhani najuta. Nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Lakini mimi nina kitalu, nashinda nyumbani, nina nyasi ambazo si zangu na mwenye nyumba mvumilivu, na hata hivyo mwaka wa kwanza ulinitoa jasho. Hawa huishi miaka kumi na miwili, wengine zaidi. Hesabu mwenyewe mwanao Mwende atakuwa darasa la ngapi.

Nimefikiria hivi. Katikati ya Agosti sisi tunashuka Mombasa siku nane. Wewe una zile siku za kuhama ulizopewa kazini. Njoo ulale hapa kwangu na Risasi, wewe na yeye tu. Saa kumi na moja unusu asubuhi uwe umeshafunga viatu. Bawa liko kwenye kopo juu ya banda, omena jikoni, maini nimeagiza buchani utapitia. Jioni mkague kupe. Tukirudi, ukinitazama usoni ukasema bado unamtaka yule mtoto wa mbwa wa bosi, nitakupeleka mimi mwenyewe kumchukua, na bawa la kwanza nitakupa.

Ufunguo utaukuta kwa mlinzi. Viatu vyako viweke juu ya kabati.

Msalimie mama Mwende na watoto.

Ndugu yako,
Athmani