Ndege wa Chimala au wa Kitulo?

Mhariri,

Picha za ndege mnazochapisha kutoka kwa wasafiri wa njia ya Iringa na Mbeya huwa na maelezo mamoja tu: "ndege wa Nyanda za Juu Kusini". Kwa maelezo hayo hata mjuzi atakisia. Chimala iko ukingoni mwa bonde la Usangu, kwenye mita 1,000 hivi. Ukipanda zile kona 57 kwenda Matamba na kuendelea hadi uwanda wa Kitulo, unafikia mita 2,600. Ni safari ya asubuhi moja, lakini ndege wengi wa chini huwakuti juu. Mpiga picha aandike kijiji, tarehe na mazingira: mpungani, nyasi za mlimani au msituni.

Tarehe nayo ina kazi. Mbayuwayu wa buluu huja Kitulo kuzaliana wakati wa mvua. Julai yuko pande za Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Picha ya Julai ya mbayuwayu anayeonekana mweusi, mwenye mkia uliogawanyika kama panda, ichunguzwe upya, maana yupo mwingine, wa kingo za misitu, ambaye akiwa angani anafanana naye sana.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuanza na rangi. Chozi na kwezi hung'aa kutegemea jua limewapiga upande gani. Kivulini wote huonekana weusi. Jua la machweo nalo hugeuza tumbo jeupe kuwa la dhahabu. Anzeni na umbo: urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa, ncha ya bawa inafika wapi kwenye mkia, miguu. Ukubwa msiusome pichani isipokuwa pembeni yupo ng'ombe wa kumlinganisha naye.

Chukueni yangeyange wa mashamba ya mpunga Usangu, wote weupe. Mwenye mdomo mfupi wa njano na shingo nene ni yule anayefuata ng'ombe. Mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano ni yangeyange mdogo. Kazi iko kwa mkubwa na wa kati. Hao mtazame pembe ya mdomo, pale mdomo unapoishia usoni: mstari wake ukipita nyuma ya jicho ni mkubwa, ukikomea chini ya jicho ni wa kati. Rangi ya midomo yao msiitegemee, hubadilika wakati wa kuzaliana.

Hondohondo mwenye mdomo mwekundu wa Ruaha vilevile hujulikana usoni: ngozi inayozunguka jicho ni nyeusi na jicho ni la njano. Yule wa kaskazini ana ngozi ya waridi na jicho jeusi. Picha ya mgongo haitasaidia.

Programu za simu za kutambua ndege kama Merlin husaidia, ila huchuja majina kwa mahali na tarehe. Ukirudi Dar es Salaam ndipo ukaipa picha, jaza mwenyewe mahali ulipoipigia, mfano Matamba, la sivyo utaletewa ndege wa pwani. WhatsApp nayo hupunguza picha na kufuta taarifa zake za tarehe na mahali, kwa hiyo itumwe kama faili. Picha ya ndani ya basi, gusisha lenzi kwenye kioo. Ukitaka kuikata, kata nakala, ile ya asili ibaki nzima.

Tunaomba dawati lenu lidai faili ya asili kabla ya kuchapa. Pembe ya mdomo isipoonekana, andikeni "yangeyange" tu.

Waongoza watalii wawili,
Uyole, Mbeya