Fundi, soma afya ya diski kabla ya kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowagharimu wengi hapa Moshi, nami nikiwemo: kompyuta ikizima ghafla na kugoma kuwaka, mafundi wetu wengi hukimbilia kuifomati, yaani kuifuta yote, na kupiga Windows upya kabla ya kujua kama diski yenyewe, inayohifadhi mafaili, ni nzima.

Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha wakulima wa kahawa. Msimu uliopita kompyuta ya ofisi iliganda nikiwa naingiza kilo za wanachama, ikaleta skrini ya buluu, na nilipoiwasha tena haikufika popote. Nikaiteremsha mjini kwa fundi mmoja karibu na stendi kuu, bila kumwambia (hilo ni kosa langu) kwamba kwa siku tatu nilikuwa nikisikia mlio kama wa ukucha ukigonga bati kila nilipofungua faili la malipo. Jioni nilirudishiwa kompyuta ikiwaka vizuri, ikiwa tupu. Baada ya wiki mbili ikafa tena.

Fundi wa pili, kijana mdogo tu, aliuliza kwanza kama ilikuwa inalia. Kisha akaiwasha kwa flashi na kufungua smartctl, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu hali yake, akanionyesha kwa kidole. Mstari wa 5, unaohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizoharibika ambazo kazi yake imehamishiwa kwenye sekta za akiba, ulikuwa na 216. Mstari wa 197, wa sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake, ulikuwa na 48. Mstari wa 199, wa makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ulisoma sifuri. Ungekuwa huo ndio unaopanda na ile miwili ikiwa mitupu, alisema, angeanza kwa kubadili waya, ambao bei yake ni ndogo. Ajabu ni kwamba juu ya orodha hiyohiyo diski ilikuwa imejitangaza kuwa imefaulu, maana kiwango ambacho kiwanda hukihesabu kuwa ni kufeli huwa kimewekwa mbali sana. Usomaji wote haukuchukua hata dakika mbili.

Ubaya wa kukimbilia kufomati si kupoteza mafaili peke yake. Sekta inayosubiri ikiandikwa upya, diski ama huihamisha ama huifuta kwenye hesabu, hivyo namba ya mstari wa 197 hushuka na mgonjwa akaonekana amepona. Hata ile programu ya Windows ya kukarabati diski, ambayo baadhi ya mafundi huiacha ikifanya kazi usiku kucha, huilazimisha diski dhaifu kusoma uso wake wote huku mafaili hayajanakiliwa popote. Kwanza ni kunakili kwenye diski nyingine nzima, kwa programu kama ddrescue ambayo huchukua sehemu rahisi kwanza na kurudia ngumu baadaye. Vipimo virefu vifuate.

Sisemi kwamba namba hizi humaliza kila kitu. Utafiti ambao Google iliutoa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika kumbukumbu hizo. Kwa hiyo sifuri si hati ya uzima, na skrini ya buluu yaweza pia kutokana na ramu mbovu, yaani kifaa kinachoshika kazi za kompyuta inapokuwa imewashwa. Lakini 48 kwenye mstari wa 197, pamoja na mlio ule, ni jibu tosha.

Ninachowaomba mafundi wa Moshi ni kwamba waipige picha orodha hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na wamkabidhi mteja pamoja na risiti. Wateja wenzangu nao waiulizie kabla ya kulipa, na waseme mapema kama mashine ilikuwa inalia.

Mtunza hesabu,
Moshi