Afande wa kwenye kiplefti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze starehe moja ya bei nafuu, nayo ni kufuatilia neno hadi lilikotoka.

Wiki iliyopita nilipanda daladala na mjukuu wangu kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Tulipofika kwenye kiplefti, askari wa usalama barabarani akatusimamisha, na konda akaruka chini mbio huku akisema, "Shikamoo, afande." Mjukuu akaniuliza, "Babu, afande ni Kiswahili?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni Kiarabu, maana sisi wazee tukikwama kwenye asili ya neno huwa tunakisingizia Kiarabu.

Nilikuwa nimekosea. Kiarabu kilikuwa kituo tu. Safari haikuanzia hapo. Waarabu wa Misri walilipokea neno hilo kwa Waturuki, waliosema efendi kwa maana ya bwana, nao Waturuki walilitoa kwa Wagiriki. Huku kwetu lilizoeleka katika jeshi la Wajerumani, ambalo mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliliunda kwa kuandikisha askari wa Kisudani huko Misri, wakati Misri ingali ikihesabiwa kuwa sehemu ya dola ya Uthmaniya, yaani dola ya Waturuki, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri bin Salim na wenzake. Kamusi peke yake isingenifikisha huko. Ilinibidi nichimbue vitabu vya historia, kimojawapo nilichokinunua kwa muuzaji aliyetandaza vitabu vilivyotumika kando ya barabara pale Posta, na sasa ninasoma habari za Istanbul kwa sababu ya konda mmoja wa Mbagala.

Hicho kiplefti nacho kina kisa chake. Kilizaliwa na vibao vya Kiingereza vilivyowaamuru madereva washike kushoto. Masikio yetu yakasikia ki- mwanzoni, tukalitia neno kwenye ngeli, na leo tunasema viplefti bila wasiwasi. Wazee wetu walikifanyia hivyo hivyo kitabu, ambacho kwa Kiarabu wingi wake ni kutub. Sisi tukasema vitabu, na hakuna aliyetudai fidia. Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaoona aibu kwamba Kiswahili kimeazima: kilichoazimwa kimevalishwa nguo za Kibantu tangu mlangoni.

Ila mfanano wa sauti hautoshi kuwa ushahidi. Neno linahitaji tarehe na njia lililopitia. Hela, kwa mfano, vyote viwili inavyo: mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia ya koloni lao katika heller 100, na ingawa sarafu hiyo ilitoweka zamani, jina lake limebaki mifukoni mwetu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba gazeti lako litenge kijisehemu, hata cha mistari kumi kwa wiki, cha asili ya neno moja, kikiandikwa na mtu aliyesoma na si mwenye kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi. Wiki ya kwanza aanze na kamusi yenyewe. Mwanachuoni Firuzabadi aliita kitabu chake cha maneno ya Kiarabu Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari izungukayo, na kitabu kikavuma hata jina lake likawa jina la kila kitabu cha aina hiyo. Wengi wetu tuliokulia pwani tumeishi na bahari hiyo rafuni bila kuijua.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam