Barua ya wazi: Mheshimiwa, ya mbuzi nimejibiwa, ya ndege je?

Kwa Mheshimiwa unayesimamia usalama wa anga katika kanda yetu,

Salamu na heshima zote. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi hali yangu ni ya kusukuma tu, presha imepanda tena, lakini hilo si la ofisi yako. Au pengine ni la ofisi yako, tutaona huko mbele.

Kwanza nikushukuru. Juzi kijana wako alinipigia simu kunijulisha kwamba fomu yangu ya fidia ya mbuzi imepokelewa, imepigwa muhuri na inashughulikiwa. Alinisemesha kwa adabu sana, akaniuliza hata mbuzi mwenyewe alikuwa dume au jike. Jike, mwenye madoa, na alikuwa na mimba. Nimefurahi kujua kwamba ofisi yako inajibu watu. Barua zangu tatu kuhusu ile ndege iliyomuua huyo mbuzi hazijajibiwa hata mstari mmoja, ndiyo maana hii ya nne naiandika mbele ya watu.

Wasiokuwepo niwasimulie. Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea, ile fukuto ya baada ya mvua ya alfajiri, nguo zinashinda kwenye kamba na hazikauki. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu na kikombe cha kahawa. Ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, ilikuwa inarudi kutua. Sauti ya ile injini naijua kama ninavyokijua kikohozi cha mke wangu. Miaka 31 nimezifungua na kuzifunga nikiwa fundi wa ndege, kabla ya kustaafu. Mngurumo ukapungua, kama kawaida ya ndege inayoshuka. Halafu injini ikapaliwa. Mara moja, mara ya pili, kisha kimya.

Ndege iliyozimika haipigi kelele, Mheshimiwa. Inavuma kama tiara. Ikapita juu ya minazi ya jirani, ikafyeka ua wangu wa makuti, gurudumu la kushoto likampata mbuzi, ikaingia uwanja wa mpira wa shule ya msingi na kusimama hatua chache kutoka goli la upande wa vyoo. Ilikuwa imebaki kama dakika kumi kengele ya mapumziko ilie. Dakika kumi. Mjukuu wangu huwa anasimama kipa kwenye goli hilohilo.

Mkufunzi na mwanafunzi wake walitoka wazima, tunamshukuru Mungu. Yule mwanafunzi, kijana wa hapahapa kwetu, alikaa kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja, akawa anakitazama tu. Mwalimu akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akakishika bila kunywa. Mimi sikugusa kitu, sheria naijua. Nilisimama kando ya mlango nikachungulia. Kile kishikio cha joto la kabureta, yaani pale petroli inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, kilikuwa kimesukumwa ndani mpaka mwisho, maana yake joto limefungwa. Hapo ndipo maneno yangu yote yanapoanzia.

Siku ya tano ukaja kwenye baraza la chifu, na nakiri ulikuja mwenyewe, hukutuma mtu. Ukatuambia ilikuwa "hitilafu ndogo ya kiufundi" na kwamba ndani ya wiki mbili tutaletewa maelezo kamili. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama wachunguzi wameangalia uwezekano wa barafu ndani ya kabureta. Ukacheka. Ukasema, "Mzee, barafu Pwani? Labda ya kwenye soda." Watu wakacheka, chifu akacheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Soda tumekunywa, maelezo hayajafika.

Basi ngoja nieleze kile kichekesho, maana hukunipa nafasi. Daktari akikupaka spiriti kabla ya sindano, unasikia baridi. Spiriti haikutoka kwenye friji. Inapokauka inanyonya joto la ngozi yako. Petroli hufanya vivyo hivyo ndani ya koo la kabureta. Inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa yenyewe ikipenya pale pembamba inapoa zaidi. Joto linaweza kushuka nyuzi 20 na kupita. Hewa ikiwa na unyevu, kama hii yetu ya masika ambayo unaweza kuikamua, maji yanaganda kwenye kizibo cha kabureta na kuziba njia ya pumzi. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inawafundisha marubani kwamba barafu hiyo inaweza kujengeka hata nje kukiwa na nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Hizo nyuzi 38 si za Ulaya, Mheshimiwa. Na wakati wa hatari zaidi ni pale rubani anapopunguza nguvu ya injini ili ashuke, kwa sababu kizibo kimekaribia kufunga na mwanya uliobaki ni mdogo. Dawa yake ni kukivuta kile kishikio, hewa iliyopitishwa kwenye joto la ekzosi iingie na kuyeyusha.

Ubaya wa barafu ni kwamba haisubiri wachunguzi. Watu wako walifika alasiri. Kufikia saa hiyo ilikuwa imeshakuwa maji, na maji yameshakuwa hewa. Wakaiwasha injini, ikakubali mara ya kwanza, ikanguruma kama cherehani mpya. Watu wakapiga makofi! Mimi nilisikitika, maana nilijua kitakachosemwa: injini ni nzima. Na injini ikiwa nzima, mkosaji anabaki nani? Yule kijana wa kiatu kimoja. Amesimamishwa masomo, na mama yake aliuza kiwanja ili amlipie karo.

Inawezekana ninakosea. Barafu ni makisio yangu. Inaweza kuwa maji kwenye matangi. 172 ina matangi yake ndani ya mabawa, na vifuniko vilivyochoka huvujisha mvua ndani. Ile ndege ilikuwa imelala nje usiku tatu za mvua, nilikuwa naiona kila nikienda msikitini. Ndiyo sababu kila asubuhi rubani anatakiwa akinge mafuta kidogo kwenye kikombe na kukiinua juani: petroli ya ndege ina rangi ya samawati, maji hukaa chini yake kama kipande cha kioo. Je, walikinga? Nani aliona? Nilipokuwa kazini tulikuwa na msimamizi aliyekuwa akitufokea kwamba kikombe kisichokingwa ni sanda iliyokwisha kushonwa. Tulimwona mkali. Kama si barafu wala maji, semeni ni nini. Vipimo vya joto na unyevu vya asubuhi ile watu wa hali ya hewa wanavyo, ni kuviomba tu.

Nisije nikasikika ninaichafua ndege yenyewe. Cessna 172 si ndege mbaya. Imeundwa tangu 1956, zimetoka zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi hivyo, na kati ya hizi ndogo za injini moja ni miongoni mwa zenye huruma zaidi kwa anayejifunza. Kiwanda kiliacha kuziunda 1986, kikaanza tena 1996, na zile zilizoanza tena zikaja na injini ya kupuliza mafuta kwa sindano, haina kabureta. Kwa hiyo mojawapo ya maswali yangu linajibiwa kwa neno moja: hii iliyoanguka kwetu ni ya zamani au ni ya hizi mpya? Mimi jibu nililiona kwa macho yangu kupitia dirishani. Nataka kulisikia kinywani mwako.

Makosa ya ndege hii yanajulikana kwa sababu wenzetu waliyaandika. Bondia Rocky Marciano alikufa ndani ya 172 huko Newton, Iowa, tarehe 31 Agosti 1969, usiku, hali ya hewa mbaya, na rubani hakuwa na leseni ya kuruka kwa kutegemea vyombo. Ilisemwa wazi. Tarehe 25 Septemba 1978 ndege ya abiria Boeing 727 iligongana na 172 juu ya San Diego, wakafa watu 144, saba kati yao walikuwa chini. Marubani wa 727 walikuwa wameipoteza machoni ile ndogo. Ripoti ilitoka Aprili 1979. Hesabu mwenyewe hiyo ni miezi mingapi, tena watu 144. Sisi mbuzi mmoja na ua wa makuti, tunaelekea nusu mwaka.

Au chukua viti. Kiti cha rubani katika jamii hii ya Cessna hutembea kwenye reli yenye matundu, na pini ndiyo inayokifunga. Matundu yakichakaa yanakuwa na umbo la yai, pini haishiki. Ndege inapoinua pua kiti kinateleza nyuma, rubani anakwenda nacho, na mikono yake imeng'ang'ania usukani. Tangu 1987 kuna amri ya FAA ya kuzikagua reli hizo. Huko Florida, Marekani, ndege ya aina ya 185, ambayo ni kaka mkubwa wa 172, ilianguka 1989, na mwaka 2001 baraza la mahakama likatamka fidia ya dola milioni 480 kwa ajili ya kiti. Mimi nimezipima reli hizo kwa mikono yangu, nimelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Nikiuliza kama zimepimwa kwenye ndege zinazopita juu ya shule, siulizi kwa umbea.

Na hapa kwetu Kenya si kwamba tumekosa mafunzo. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 ziligongana angani karibu na kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi. Ile kubwa ikarudi salama. Wawili waliokuwa kwenye ndogo hawakurudi. Januari 2025, Malindi, hapo Kwa Chocha, ndege ndogo ya mafunzo ikaangukia barabarani na watu watatu waliokuwa ardhini, na safari zao, wakafa. Hao hawakununua tiketi ya kwenda popote angani. Tangu siku ile mke wangu akisikia injini anatoka nje na mwiko mkononi, anatazama juu. Kana kwamba mwiko utasaidia.

Ningeendelea kunyamaza, Mheshimiwa, uzee unafundisha kunyamaza. Lakini Jumatano iliyopita nyingine imekohoa. Saa nne ileile, njia ileile, juu ya paa la shule ileile. Ilipaliwa, ikanyamaza kwa muda wa kupiga Bismillahi moja, ikashika tena, ikaenda kutua. Mjukuu wangu alikuwa darasani. Mwalimu ananiambia aliingia chini ya dawati kabla hajaambiwa, na wenzake wote nyuma yake. Hakuna aliyewafundisha hilo, ila wamejifundisha wenyewe. Nilipopiga simu ofisini kwenu, aliyepokea akaniuliza kama kuna mnyama aliyeumia.

Usiku ule sikulala. Nimeambiwa na daktari nipunguze chumvi na mawazo, chumvi nimepunguza. Ua nimeuinua upya kwa fedha ya pensheni, makuti siku hizi bei yake haishikiki, na fundi amenidai mpaka leo. Mama wa yule kijana alikuja kwangu juzi, akanisihi niseme neno kwa wakubwa, kwa kuwa "wewe mzee unaijua lugha yao". Nikamwambia nimeandika mara tatu. Akanyamaza, akaniuliza kama nimewahi kuandika kwa hasira. Basi.

Nilikuwa na orodha ndefu ya kukuomba. Kwamba njia ya kuzunguka kiwanja cha ndege ihamishiwe upande wa bahari, kwani mtu akizimikiwa huko ataangukia maji na si watoto. Kwamba zile za kabureta zikaguliwe kabla ya masika mengine. Kwamba kijana arudishwe masomoni mpaka ijulikane, kwa sababu hata mwongozo wa kimataifa wa uchunguzi wa ajali za ndege, ule wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ulioko kwenye rafu yako, unasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Yote hayo bado nayataka, lakini naona nikikuomba manne utanijibu lile jepesi, kama ulivyonijibu la mbuzi.

Kwa hiyo naomba moja. Ile ripoti. Iletwe kwa Kiswahili, isomwe pale kwenye baraza la chifu, mbele ya wale waliocheka na wale waliokuwa chini ya madawati. Kama sababu haijapatikana, isomwe hivyo hivyo kwamba haijapatikana. Kama ni kijana, someni ni kijana, mama yake atakuwepo. Kama ni barafu, sitacheka. Nitakuja na kiti changu mwenyewe.

Ripoti tu, Mheshimiwa.

Ni mimi, fundi wa ndege mstaafu, jirani wa kiwanja.

Tanbihi: Ile fomu ya mbuzi naiondoa. Msinilipe. Pale mlipoandika "jike mmoja" pigeni mstari, muandike namba ya ile ndege, halafu endeleeni kuishughulikia.